Nguva Ambao Mjomba Hakuwaona

Chumba cha Juu, Nyumba ya Kona,
Barabara ya Kiwanda cha Barafu,
Bandari ya Wavuvi.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Nguva wanakufa katika nyavu zetu, walikuwa wakifa katika nyavu zako, na kanuni mpya inayozikataza meli za biashara kutega jarife, wavu wa matundu makubwa, juu ya malisho yao, au kuziacha nyavu peke yake baharini usiku kucha, ni kanuni ya haki inayopaswa kupita bila kupunguzwa hata mstari mmoja. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nitaitetea hadi mwisho wa barua hii.

Najua nimevunja adabu kwa kutanguliza hoja kabla ya salamu. Lakini ni wewe uliyenizoesha. Nilipokuwa bado nasoma sekondari, nikiketi mezani kwako na kuanza kuzungukazunguka, ulikuwa ukinikatiza: "Hoja kwanza, mpwa wangu, mapambo baadaye." Basi leo nimetii. Sasa niruhusu nivue viatu mlangoni, niingie ndani na nikusalimu kama unavyostahili.

Shikamoo, Mjomba. Goti linaendeleaje? Mama amepata habari kwamba daktari amekupunguzia chumvi, nawe umeanza kuisaka jikoni kama askari wa forodha, hata mkaza mjomba amelazimika kuificha ndani ya kopo la majani ya chai. Mwambie nampongeza kwa mbinu hiyo, ila aibadilishe, maana nimeshaiandika hapa na wewe unasoma. Baridi ya huko bara imepungua? Na kile chumba ulichopewa na binamu, ambacho uliniandikia kwamba dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani, umekizoea? Kwa mtu aliyeishi akitazama maji, naamini ukuta ni mwenyeji asiye na mazungumzo.

Sisi huku hatujambo, na nasema hivyo bila kutia chumvi. Dada amejifungua salama mtoto wa kike. Amechukua paji lako la uso, na sauti yake inasikika hadi kwenye mizani ya samaki, kwa hiyo Baba amempa jina la Honi. Akilia wakati wa chakula, Baba huinuka na kusema meli inaomba nafasi gatini. Mama analalamika kwa mdomo tu. Mikono yake haimwachi mtoto. Cherehani imekaa kimya wiki nzima, sare za wanafunzi zimerundikana juu ya kiti, na hakuna mteja mwenye ujasiri wa kuziulizia.

Mimi nimeshaanza kazi. Idara ya uvuvi imeniajiri kuwa mwangalizi melini, yaani mtu anayekaa nyuma kabisa ya meli, kwenye tezi, na kuandika kila kitu kinachopandishwa na wavu, kiwe kinauzika au hakiuziki. Kwa kuwa hakuna kiti huko, nimegeuza ndoo nikaikalia, na mabaharia wakanibatiza Profesa wa Ndoo. Silikatai jina hilo. Profesa ni profesa hata akikalia ndoo, na nimewaambia kwamba maprofesa wengi wamekalia viti vizuri zaidi wakaona machache zaidi.

Kwa miezi hii nimepangiwa Bi Kizee, meli yako ya zamani, ambayo sasa Baba ndiye nahodha wake. Nilimweleza mkuu wangu kwamba si sawa mwana kuikagua meli ya baba yake. Akanijibu kwamba waangalizi wengine wote walitapika siku ya kwanza na kuomba kazi ya mezani. Basi nipo. Bi Kizee imepakwa rangi upya, lakini mlango wa chumba cha usukani bado haukubali kufungwa mpaka uupige teke pale chini, na alama ya kiatu chako haijafutika. Baba huupiga teke palepale, kwa heshima.

Nije kwenye makala yako. Nimeisoma katika gazeti la wenye meli mara nyingi kiasi kwamba karatasi imechanika kwenye mkunjo. Imeandikwa vizuri sana, Mjomba. Kama ningekuwa nasahihisha, ningekupa alama za juu kabisa kwa lugha na kwa mtiririko. Kwa upande wa ushahidi, samahani, ningekurudisha darasani.

Uliandika: "Nimeshika usukani tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na sikuona hata siku moja nguva katika wavu wangu. Wanaotunga kanuni hizi wamewaona nguva katika picha." Sentensi hizo mbili zimeenea bandarini. Nimezisikia kwenye kiwanda cha barafu, nimezisikia kwa kinyozi, na muuza vocha aliye karibu na lango amezikariri kama wimbo. Hakuna anayezitilia shaka, kwa sababu ni wewe uliyezisema, na hapa hakuna mtu aliyewahi kukusikia ukisema uongo. Hata mimi sijawahi. Naomba ulishike neno hilo unapoendelea kusoma.

Kwanza niseme yale ambayo kila mtu anaweza kuyathibitisha. Nguva si samaki. Ana mapafu kama yako na yangu, na kila baada ya dakika chache ni lazima apande juu avute pumzi. Anakula nyasi zinazoota chini ya maji ya kina kifupi, palepale ambapo meli zetu hupenda kutega jarife, kwa sababu samaki wakubwa nao hupita hapo. Wavu wa matundu makubwa ukimshika mkia, hauhitaji kumjeruhi. Unamzuia kupanda tu, na hilo linatosha. Tena jike huzaa ndama mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa mwingine. Kwa hiyo, meli zetu zikizamisha wachache tu kila mwaka, hatutaona msiba wowote. Tutaamka siku moja na kukuta hawapo, na kila nahodha ataapa kwamba yeye hakuua.

Hayo nimeyatoa vitabuni, nakiri, na najivunia kwamba nimeyatoa vitabuni. Kujua kitu kwa kusoma si aibu. Wewe mwenyewe ulijifunza kusoma nyota kwenye kitabu kabla ya kuzisoma angani.

Sasa nitakueleza kilichotokea, na hiki sikukitoa kitabuni.

Idara iliwaomba wenye meli watoe meli moja ijaribu kanuni kwa miezi mitatu kabla ya kupigiwa kura. Baba akajitolea, kamati ya wenye meli ikakubali. Tangu hapo Bi Kizee haitegi tena juu ya nyasi. Inatega nje ya malisho, na ikishatega haikimbilii bandarini mabaharia wakalale. Inakaa kando ya wavu wake na kuupandisha mapema. Mwanzoni mabaharia walinung'unika kuhusu vitanda vyao. Mama peke yake ndiye aliyefurahi tangu siku ya kwanza; alisema hatimaye amepata kitanda kisichokoroma.

Asubuhi moja jua lilikuwa limeshapanda, mpishi anagawa chai, nami nipo kwenye ndoo yangu. Ghafla maboya mawili yakavutwa chini, yakaibuka, yakavutwa tena. Baba akaona, akatoa amri wavu upandishwe mara moja, akamwachia baharia usukani akaja nyuma. Fundi Moshi, yule mwendesha winchi ambaye wewe ndiye uliyempa jina hilo kwa sababu ya injini aliyokuwa akiihudumia, alisimama ukingoni na kisu mkononi kama kawaida yake. Wavu ukapanda, na ndani yake akaibuka nguva, mkubwa kuliko meza yetu ya chakula, wavu umemzunguka mkia. Akapumua. Pumzi yote ikampata Fundi Moshi usoni.

Hakuna aliyecheka. Fundi Moshi alibaki ameinama vilevile, uso umelowa, akasema polepole, "Mgeni yuko hai."

Akakata wavu, tundu baada ya tundu, kwa uangalifu kama anayemkata mtoto kucha. Nguva alipofunguka hakukimbia. Alikaa kidogo ubavuni mwa meli, akapumua tena, kisha akashuka. Fundi Moshi akajifuta uso kwa kiwiko.

"Miaka yote nawakata wakiwa wamekufa," akasema. "Sikujua kwamba pumzi yao ni ya moto." Halafu, kwa kuwa alituona sote tunamtazama, akaongeza kwamba inanuka zizi la ng'ombe na kwamba chai yake imeharibika, apewe nyingine.

Nilimuuliza miaka yote ni ipi, na kwa nini alimwita mgeni. Aliinua macho kuelekea chumba cha usukani, kisha akarudi kwenye winchi yake.

Tulipofunga gatini, Baba alitangaza kilichotokea mbele ya watu, kama makubaliano ya majaribio yanavyotaka. Mwenyekiti wa wenye meli alikuwa amesimama kwenye mizani na gazeti lako kwapani. Alimsikiliza hadi mwisho, akatabasamu.

"Shemeji yako alikaa kwenye usukani huohuo mpaka anastaafu, hakuona nguva hata mmoja," akasema. "Wewe tumekukabidhi juzi na tayari unawaona. Tuamini macho ya nani?"

Watu wakacheka. Nikafungua mdomo kusema kwamba mimi pia niliona na nimeandika. Mwenyekiti akanikatiza kwa upole, akasema, "Na shahidi wako ni mwanao." Wakacheka tena. Baba aliendelea kufuta mikono yake kwa kitambaa, ingawa mikono ilikuwa imeshakauka.

Je, unaona ulikomfikisha shemeji yako bila kukusudia? Kwa watu wa hapa, mmoja wenu ni mwongo, na wameshachagua nani. Mwisho wa mwezi huu wenye meli watakutana kupigia kura kanuni, na katika ajenda ya mkutano huohuo mwenyekiti ameingiza jambo la pili: nani awe nahodha wa Bi Kizee. Wanasema nahodha anayezua wanyama ili aipendeze idara hawezi kuaminiwa na meli ya watu.

Jioni hiyo nilipandisha sauti nyumbani kuliko Honi. Nilisema nitaandika gazetini, nitakuumbua, nitaweka kila kitu hadharani. Mama alikuwa anakunja nepi za mtoto, na hakuinua uso. Alisema, "Kaka yangu hasemi uongo, na mume wangu hasemi uongo. Wewe mwenye digrii nitafutie mwongo mwingine."

Hapo ndipo Baba alipoanza kusimulia, na ninayoyaandika sasa ameniruhusu kuyaandika kwa sharti moja, kwamba nisikuite mwongo. Sharti hilo ni jepesi, kwa sababu baada ya kumsikiliza niligundua kwamba wewe umesema kweli tupu na bado umekosea.

Alinikumbusha amri yako maarufu ya melini: "Nisisumbuliwe kwa kitu kisichoingia kwenye barafu." Ilikuwa amri ya busara. Nyavu hupandisha magogo, matairi, chupa na kila takataka, na nahodha akiitwa kwa kila kimoja, upepo utaisukuma meli juu ya wavu, na wavu utajizungusha kwenye rafadha inayoisukuma meli. Basi mabaharia waliitii. Chochote kisichouzika kilikatwa palepale nyuma na kurudishwa majini kabla ya kugusa sitaha, na nguva aliyekufa alikuwa katika kundi hilo. Anachana wavu, anaelemea winchi, hauziki, na haruhusiwi kushushwa gatini. Walimwita mgeni, kwa sababu hakukaribishwa ndani. Hawakukuficha kwa ubaya. Walikuwa wanatii amri yako.

Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa pale unapopaswa kuwa, kwenye usukani, umetazama mbele, unaishikilia meli isigeuke. Nyavu zinapanda nyuma yako. Ulichokuwa nacho ni kile kioo kidogo juu ya kichwa chako, na ndani yake ulikuwa ukingojea ishara moja tu, mkono wa mkuu wa sitaha ulioinuliwa juu, maana yake wavu ni safi, endelea. Ulipouona mkono, ulisogeza meli. Hivyo ndivyo ulivyofanya kazi mpaka unastaafu.

Mkuu wako wa sitaha alikuwa Baba.

"Mkono ulikuwa wangu," aliniambia. "Tukishamkata mgeni, wavu ni safi kweli, nami nauinua. Mjomba wako aliona mkono wangu akauamini. Ningekuwa mimi pale mbele, nami ningeuamini."

Hivyo basi, Mjomba, sentensi yako inayokaririwa na muuza vocha si ushahidi kuhusu nguva. Ni ushahidi kuhusu mkono wa baba yangu.

Nakujua, na najua kwamba sasa umeweka barua hii chini na kusema kijana amejengewa hadithi na baba yake akaimeza. Nilitarajia pingamizi hilo, kwa hiyo nilifanya jaribio. Siku ya mapumziko, meli ikiwa imefungwa gatini, niliketi kwenye kiti chako, nikakirekebisha kioo mpaka mabaharia wawili wa zamani wakakubali kwamba ndivyo kilivyokuwa wakati wako. Fundi Moshi akafunga pipa tupu la bluu ndani ya wavu, akalishusha nyuma, akalivuta mpaka ukingoni, akalikata likaanguka majini, akainua mkono. Akarudia tena na tena mpaka akanionya kwamba mshahara wake hautaji mapipa. Kutoka kwenye kiti chako, kila mara niliona kichwa cha winchi, kifua cha Fundi Moshi, na mkono. Pipa sikuliona hata mara moja, wala maji. Ukingo wa tezi unaficha kila kitu kilicho chini yake.

Nikamwambia Mama kwamba mwongo aliyeniagiza nimtafute hayupo. Kuna kiti na kioo tu. Aliridhika, akanipa nepi nimsaidie kukunja.

Kwa haki, nitayajibu na yale mengine uliyoandika, maana sitaki useme nimechagua hoja dhaifu nikaacha nzito. Ulisema boti za kasi za watalii zinawagonga nguva, na tope la mto linafunika nyasi zao. Kweli, na ukiandika makala ya kudai boti hizo zipunguze mwendo, nitaitia sahihi yangu chini ya yako. Lakini mtu mwenye vidonda vitatu hakatazwi kufunga kimoja kwa sababu viwili vimebaki wazi. Wavu ndio kidonda kilicho mikononi mwetu.

Ulisema pia kanuni hii itawalaza mabaharia na njaa. Hapa nilitarajia kushindwa, na nilijiandaa kushindwa kwa heshima, kwa sababu ni kweli tunapandisha samaki wachache kidogo kuliko zamani. Lakini nyavu zikilala usiku kucha, samaki aliyenaswa mapema hukaa majini amekufa, kaa humtafuna, nyama hulegea, na ukimpandisha kitu cha kuuza ni nusu yake. Sasa tunawapandisha wengi wakiwa bado wanarusha mkia, na wanaingia kwenye barafu wakiwa wagumu. Yule mnunuzi mkubwa, unayemkumbuka kwa tabia yake ya kufunua mashavu ya kila samaki na kunusa kama anayenusa soksi, ameacha kunusa samaki wa Bi Kizee. Anaonyesha kidole tu na kusema pakia. Mabaharia waliokuwa wakililia vitanda vyao wameleta magodoro melini, na mpishi ameanza kulalamika kwamba wanadai kifungua kinywa kama wako hotelini. Mimi naona hizo si dalili za njaa.

Kuhusu kipengele cha kuweka mwangalizi au kamera nyuma ya kila meli, ambacho ulikiita dharau kwa manahodha, nadhani baada ya haya yote huhitaji maelezo. Hakidharau macho ya nahodha. Kinayapa macho mengine mahali ambapo yake hayawezi kufika, kwa sababu ana kazi nyingine ya kufanya. Ungekuwa na mtu kwenye ndoo wakati ule, leo ungekuwa wewe unayeitetea kanuni hii, na kwa ukali wako tungeshaipitisha zamani.

Usidhani kwamba huku tumekaa kwa huzuni. Baba ametulia, kiasi cha kuniudhi. Anaimba akinyoa ndevu. Anasema wakimshusha usukani atarudi kwenye winchi kwa furaha, mgongo wake unaijua kazi, ila mkono wake hatauinua tena mpaka amemwambia nahodha kilichokatwa. Mimi ndiye nisiyekubali. Alikuwa mkuu wako wa sitaha, hakuwahi kukuangusha, na sasa anaitwa mzushi kwa jina lako. Mwana wa dada yako hawezi kulinyamazia hilo, na naamini wewe ndiye mtu wa mwisho ambaye angetaka nilinyamazie.

Nisalimie sana mkaza mjomba, na umwambie viatu alivyonitumia kwa ajili ya mahafali vimenitosha, ila navivaa nchi kavu tu. Msalimie binamu na mumewe, na watoto wao wote mpaka yule mdogo aliyeniuliza kwenye simu kama nguva wanaolewa. Mwambie bado nalichunguza. Dada anakuamkia, Honi anakuamkia kwa sauti unayoweza kuisikia ukifungua dirisha, Mama anasema umtii daktari, na Baba anakusalimu kwa jina la zamani, Nahodha. Mungu alipe goti lako nguvu, akuzidishie siku, na akujalie moyo mwepesi wa kuipima hoja hata inapotoka kwa uliyemlea.

Sasa ninachokidai. Barua hii sijaipeleka kwa mhariri. Wewe ndiye wa kwanza kuisoma nje ya nyumba hii, na hiyo ni heshima yangu kwako. Lakini ulizungumza hadharani, na Baba ameaibishwa hadharani, kwa hiyo jibu la faragha halitatosha. Usinipigie simu. Usimtume Mama. Andika katika gazeti lilelile, ukurasa uleule, kabla wenye meli hawajakutana. Kama ninakosea, nionyeshe mbele ya wasomaji wote namna mtu aliyeketi kwenye kiti chako anavyoweza kuyaona maji yaliyo nyuma ya tezi, nami nitakuomba radhi kwa maandishi, kwa jina langu lote na shahada yangu pembeni. Kama sikosei, waandikie mistari miwili tu, kwamba ulikuwa umetazama mbele, na kwamba mkono uliouona kwenye kioo ni wa mtu ambaye hujawahi kumkamata akisema uongo. Waulize, tena kwa ukali wako uleule, wana sababu gani ya kuanza kumtilia shaka leo.

Gazeti hutoka Alhamisi. Nitakuwa pale langoni, mbele ya muuza vocha, nikiwa wa kwanza kulifungua.

Ni mimi, mpwa wako akupendaye na asiyekubaliana nawe,

Profesa wa Ndoo